Upande Mtupu wa Korse

Jumamosi, 16 Septemba 2023

Tumerudi nayo. Plastiki nyeupe, ngumu, mikanda mitatu nyuma. Inaitwa korse. Binti yangu Darlène ameivaa kutoka hospitali mpaka nyumbani, ametembea akitazama mbele tu, hageuzi shingo. Watu wa sokoni waligeuza zao.

Digrii thelathini na moja. Hivyo ndivyo mgongo wake ulivyopinda, kuelekea kuume. Mtoto wa miaka kumi na mitatu! Na sisi mwaka mzima tulikuwa tunamsikiliza Louise, dada ya mume wangu, eti ni kwa sababu ya kubeba bidoni la maji bega moja. Tukalihamishia bega la pili. Mwaka mzima! Kama si fundi wa nguo aliyeona sketi ya yunifomu inapanda upande mmoja, tungekuwa bado tunahamisha bidoni.

Kiné, mtaalamu wa viungo, anaitwa Hervé. Ametoka Bukavu, kwenye kituo cha watoto walemavu, na atapita tena hapa Kasongo baada ya miezi minane. Kijana, miwani, anaongea haraka, nusu Kifaransa. Masaa ishirini kwa siku, amesema. Anavua kuoga na kufanya mazoezi, basi. Mtoto akimaliza kukua, korse inatupwa. Lakini mgongo ukikaribia digrii hamsini, korse haisaidii tena, ni kisu. Na kisu cha namna hiyo hakiko hapa.

Alitaka kunieleza zaidi. Alitia mkono wake ndani ya korse, upande wa kushoto, akaanza. Nikamwambia: Monsieur, mimi ni mwalimu, miaka kumi na tisa darasa la nne, nimeelewa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Akatoa mkono, akanipa kaye, daftari la kuandika masaa. Kulikuwa na mama mmoja wa Nyangwe, hajui hata kuandika jina lake, binti yake Sifa amepewa korse ya aina hiyohiyo. Huyo alimfanya kiné arudie maelezo mara tatu. Mara tatu! Nilicheka kimoyomoyo.

Kaye ya masaa ni ya kiné. Hii hapa ni yangu.

Jumatatu, 18 Septemba

Shule. Darlène yuko la sita, mimi nafundisha la nne, ukuta mmoja unatutenganisha. Haikufika saa tatu nikasikia. Virgule! Wamempa jina — Virgule, ile alama ndogo iliyopinda tunayoweka katikati ya sentensi.

Ukweli usemwe, jina limekaa. Aliyelibuni ana akili. Lakini niliingia la sita bila kubisha hodi, nikachapa safu ya mbele yote. Mwalimu wao alitazama dirishani. Niliporudi kwangu watoto walikuwa kimya mno, nikajua na wao wanalijua.

Darlène hakunishukuru. Jioni akaniambia, bila kuinua macho: "Mama, sasa weye watakuita Mama Virgule."

Jumatano, 27 Septemba

Analia. Ndani ya korse kuna mto mgumu, upande wa kuume, unakandamiza palepale mbavu zilipotokeza. Ngozi imekuwa nyekundu. Hervé alisema itazoea kwa wiki tatu. Wiki ya pili hii, naona haina haraka ya kuzoea.

Mikanda namfunga mimi. Goti langu kiunoni pake, navuta. "Mama, siwezi pumua." Namwambia anayeweza kusema, anapumua.

Amani hayuko, ameenda Kabambare na baiskeli yake. Afadhali. Mume wangu hawezi kuona mtoto analia, hata kuku akichinjwa anazunguka nyuma ya nyumba. Kazi za namna hii zinabaki kwangu, na hakuna anayenipa pole.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku nzuri! Niandike yote.

Amani alirudi jana kutoka Lusangi, kule machimboni. Miaka kumi na minne anasukuma baiskeli ya mizigo, Kasongo mpaka Kabambare, Kabambare mpaka kwa wachimbaji — chumvi, sabuni, mchele, vitambaa. Mikono yake inajua uzito kuliko mizani ya soko. Asubuhi akamsikia mtoto. Akaniambia nifungue mikanda, nimvalishe tena mbele yake, polepole. Akamzunguka. Alimtazama jinsi anavyotazama mzigo kabla ya mlima. Kisha akatia mkono upande wa kushoto, kati ya plastiki na mbavu. Ukaingia wote.

"Unaona? Wameacha nafasi," akasema. "Muzigo ukiacha nafasi upande moja, unacheza. Ukicheza, kinga inaangukia upande ingine. Hawa watu walikosea kipimo."

Kinga kwao ni baiskeli, na kila msukumaji wa njia ile anajua. Upande unaopwaya unajazwa kwanza, kwa magunia, kwa majani makavu, kwa chochote, ndipo kamba inakazwa. Na upande unaobana unalegezwa. Nikatia mkono wangu pia. Kweli kabisa. Nafasi! Huku kuume mtoto anachubuka, huku kushoto panya anaweza kupita. Nikasema bila shaka walikosea, wanatengeneza nyingi kwa siku moja, wanaharakisha.

Kazi tuliifanya wawili. Yeye kwa kisu akabandua ule mto mgumu, akaweka kitambaa laini. Mimi nikakata sponji ya godoro la zamani, tabaka tatu, nikaivalisha kitenge, nikashona, nikaibandika kushoto mpaka nafasi yote ikaisha. Kushona najua, mama yangu alinifundisha kabla ya kusoma. Ule mto mgumu Amani ameuweka kwenye boksi la vifaa vya baiskeli. Hatupi kitu huyu.

Darlène akaivaa. Akasimama, akatikisa mabega. "Mama! Haiumi tena!" Akacheka, meno yote nje, mara ya kwanza tangu Septemba. Baba yake alitoka nje haraka tusione macho yake. Mimi nilijisifu, sifichi. Watu wa Bukavu na mashine zao, na sisi na kisu na sindano.

Alhamisi, 2 Novemba

Masaa ishirini na moja. Jana ishirini na mbili. Kaye ya kiné inapendeza kuitazama, buluu kwa masaa, nyekundu kwa siku za kosa. Nyekundu ni moja tu. Wiki iliyopita alivua shuleni aruke kamba na wenzake, nusu saa nzima. Nilimchapa fimbo nne za miguu, mbele ya hao wenzake, ili funzo liwaenee wote.

Louise alikuwepo langoni. Alikuja kwangu jioni kunihubiria mimi, wifi yake. "Mulamu, weye uko na roho ya mawe. Mutoto iko mugonjwa, na weye unamupiga?" Nikamjibu: dada, ni wewe uliyetupotezea mwaka mzima na bidoni lako. Ameondoka bila kugusa chai.

Siwezi kuwa mama wa kubembeleza. Wabembelezaji ndio wanaobaki na watoto waliopinda.

Jumamosi, 25 Novemba

Mazoezi. Hervé alitupa karatasi ya picha. Mtoto analala ubavu juu ya mkeka uliokunjwa, anavuta pumzi na kuipeleka upande wa kushoto, kule kulikoingia ndani. Kupumua upande mmoja! Ninasimama na rula. Ubavu usipopanda, namgusa nayo. Amani anasema rula ya nini. Ya kumkumbusha.

Leo ubavu ulipanda vizuri, mara ishirini. Kisha nikamfunga korse, akasema: "Mama, sasa hiyo pumzi itakaa wapi?" Watoto na maswali yao. Nikamwambia pumzi haikai, inatoka.

Jumapili, 24 Desemba

Alitaka kuimba Noeli bila korse. Gauni jipya, kwaya, masaa mawili tu. Nikakataa. Mawili leo, manne kesho. Ameimba akiwa nayo chini ya gauni, mikanda imetuna mgongoni. Pumzi ilimwishia ubeti wa pili. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga bila sauti mpaka mwisho wa wimbo. Mkuu wa kwaya amemhamishia safu ya nyuma. Hakumwambia sababu.

Baada ya misa nilitaka kumkumbatia. Korse haikumbatiki. Nikamtengenezea kola.

Jumapili, 14 Januari 2024

Amani amerudi na magome kutoka Kabambare, kuna mzee huko anayatwanga na mafuta ya mawese. Eti ya mgongo. Nimemwambia hayo ni ya wasukuma baiskeli, si ya mifupa. Lakini alimpaka jioni, katika saa ile ya kuvua, kwa viganja vyote viwili, polepole, akimwimbia mambo yake ya njiani. Darlène alilala usingizi mikononi mwake.

Nilisimama mlangoni na korse mkononi. Saa ilikuwa imekwisha. Niliona wivu, niandike wazi. Mimi ninamwokoa, na yeye ndiye anayependwa. Nikamwamsha.

Jumatatu, 12 Februari

Amekua vidole vinne tangu Septemba. Alama iko kwenye mlango.

Leo tulikuwa tunachambua maharage. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, hii kitu iko nanisukuma." Wapi? Akaonyesha kuume. "Iko nanitupa huku. Nikilala, najisikia naanguka." Nikamwambia ni kukua, mifupa ikirefuka mtu husikia mambo. Akauliza, weye ulisikia? Nikasema ndiyo. Mimi sikusikia chochote nilipokuwa nakua, nilikuwa nasikia njaa tu.

Jioni nilimwogesha mwenyewe ingawa ni msichana mkubwa na alijificha kwa mikono. Bega la kuume limepanda. Au ni taa, taa yetu ina kivuli kibaya. Ile nundu ya mbavu niliiwekea kiganja, kikajaa. Septemba hakikujaa, nadhani. Nadhani tu, nani alipima kwa kiganja?

Kuanzia kesho, masaa ishirini na matatu. Ni mimi niliyekuwa nalegea.

Jumapili, 17 Machi

Aliomba nilegeze mkanda wa juu. Hapana.

Aliomba alale chini, sakafuni. Sawa.

Hasemi tena kwamba inauma. Hasemi lolote la korse. Naona amezoea.

Jumatatu, 13 Mei

Imetangazwa kanisani jana. Kiné Hervé atakuwa hospitali Alhamisi na Ijumaa asubuhi. Watoto waje na korse na kaye. Kaye! Nimeipitia yote, nimenyoosha kurasa zilizokunjika pembeni.

Amani alisema kile nilichokuwa nakiwaza. "Akiona tulikata vitu yake, atakasirika. Atasema sisi ni watu wa porini. Tuirudishe vile alitupatia." Nikakubali haraka. Si kwamba tulifanya vibaya. Ni adabu tu, huwezi kumwonyesha mtu kosa lake mbele ya wagonjwa wake. Nimefumua sponji yangu, nimekwangua gundi, nimefuta kwa petroli. Amani ametoa mto mgumu kwenye boksi, unanuka grisi, ameuosha kwa sabuni, ameubandika palepale. Hakuna atakayejua.

Darlène alikuwa amekaa kitandani na fulana, anatutazama. "Kama iko muzuri vile mulifanya," akasema, "juu ya nini munaficha?"

Hakuuliza kwa kiburi. Alitaka kujua. Nikamwambia anyamaze, na Alhamisi asifungue mdomo asipoulizwa.

Alhamisi, 16 Mei

Nataka kuandika sawasawa, bila kuruka kitu.

Alianza na Sifa wa Nyangwe. Picha ya mifupa: Septemba thelathini, leo ishirini na tano. Mama yake alipiga vigelegele mle ndani mpaka muuguzi akamkemea. Nikawaza, ngoja waone yetu.

Kisha Darlène. Hervé aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha. Akaweka kipimo, akachora mstari, akafuta, akapima tena. Arobaini na nane.

Nikasema hiyo ni picha ya mtu mwingine. Akanionyesha jina.

Akachukua korse, akaigeuza, akapitisha vidole ndani. Kila kitu mahali pake. "Korse iko muzuri," akasema. "Basi haikuvaliwa." Nikatoa kaye! Kurasa zote! Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu! Alifunua mbili tatu, akaifunga. Akasema kwa upole — huo upole ndio ulioniumiza — kwamba kaye inaweza kudanganya, mfupa hapana. Halafu akamgeukia mtoto, na upole ukaisha. Unavua shuleni? Unavua usiku? Unamdanganya mama yako? Foleni yote ilikuwa mlangoni inasikia. Wawili kati yao ni wazazi wa darasa langu.

Darlène alinitazama mimi.

Nikampiga kofi.

Nilitaka kuandika kwamba sijui mkono ulitoka wapi. Najua. Nilitaka wale wazazi waone mama anayesimamia mambo yake. Alikuwa amesimama bila korse, akayumba kuume, akashika meza asianguke. Hakulia.

Hervé akasema inatosha, Mama. Akamwita Sifa arudi, akamvalisha mbele yetu ili tufundishwe upya. Huku kuume, akasema, mto unasukuma, na lazima uume kidogo. Kisha akatia mkono upande wa kushoto. Ukaingia wote.

"Na hii nafasi, tuliacha kwa makusudi. Mugongo ukisukumwa, lazima upate mahali pa kwenda. Hii ndiyo dawa yenyewe. Mutu akiijaza, korse inageuka, inamukunja mutoto zaidi."

Mama wa Sifa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua.

Tabaka tatu za sponji. Miezi saba. Kila saa niliyoandika kwa buluu nilikuwa namkunja mwanangu mwenyewe. Laiti ningekuwa mvivu! Laiti ningemwacha avue, aruke kamba, aimbe! Angekuwa mnyoofu kuliko alivyo leo. Fimbo zile nne nilimchapa kwa sababu alijipumzisha nusu saa kutoka kwangu.

Ningeweza kusema hapohapo. Kiné alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Nikamwuliza kama maji ya moto yanasaidia. Maji ya moto!

Kuna jingine, na ndilo kubwa. Agosti madaktari wa upasuaji wanakuja Bukavu. Hervé anapeleka watoto wanne kutoka huku, watatu wameshaandikwa. Darlène anastahili kuwa wa nne. Ila, akasema, hawezi kumpeleka mtoto asiyetii, maana baada ya kisu kuna miezi ya kulala na kutii, na asiyevaa korse ataharibu hata kisu. Atafikiri. Kesho adhuhuri anapanda pikipiki kwenda Kindu, na orodha anaondoka nayo.

Alhamisi, jioni

Nimemwambia Amani. Alikuwa anaziba pancha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya beseni la maji. Akauliza kitu kimoja tu, kama mtoto anajua. Nikasema alisikia yote. Akasimama. "Nitaenda kusema miye. Ni kichwa yangu iliwaza ile kitu."

Nikamzuia. Nikamwambia hajui kueleza, atavuruga, kiné atakasirika atufute kabisa. Nitasema mimi, kwa Kifaransa, kwa mpango. Akaniamini, miaka yote huyu mtu ananiamini. Akarudi kwenye pancha, ila haoni anachofanya, ameibandika mara mbili.

Kweli yenyewe si Kifaransa. Naogopa. Kesho Kasongo nzima itajua kwamba Madame Jeannette, anayechapa watoto wa watu kwa kosa la hesabu ya kuzidisha, amemshonea mwanawe kilema kwa mkono wake. Direkteri wa shule atajua. Wazazi watajua. Louise atajua — Louise! — na atakuja kunipa pole. Naona aibu, na aibu imeizidi huruma, na kuiandika hakuipunguzi. Mtoto yuko chumba cha pili na shavu limevimba, na mimi nafikiria Louise.

Nilikwenda mara moja mpaka kwenye pazia lake. Nilisikia hajalala. Sikuingia, ningesema nini?

Ijumaa, 17 Mei

Benchi la hospitali. Saa nne na nusu. Naandika huku tunasubiri.

Njiani nilipanga sentensi nne. Nimefundisha insha miaka kumi na tisa, najua kupanga. Ya kwanza, tulibadilisha korse. Ya pili, lini na namna gani. Ya tatu, mtoto hana kosa. Ya nne, umwandike. Nilizirudia mpaka getini.

Tulimkuta anafunga sanduku lake. Karatasi ya majina ilikuwa mezani, nikaona majina matatu na chini yake mstari hauna kitu. Nikavuta pumzi. Darlène akanitangulia.

"Ni miye," akasema. "Nilikuwa navua kila siku. Mama akienda kwa darasa yake, navua. Usiku pia. Mama hakujua. Aliandika masaa vile nilimuambia."

Sauti safi, bila kukwama popote. Hata kwenye kwaya hakuwahi kuwa na sauti ile. Alikuwa amepanga na yeye, usiku, nyuma ya pazia.

Hervé alikaa. Akasema ni vizuri kusema kweli, lakini imechelewa. Akanigeukia. Mama Darlène, ni hivyo? Ukisema ndiyo, naandika kwamba mtoto alikataa korse, na mstari huu nampa mtoto wa kutoka Samba anayesubiri.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Sentensi zangu nne zilikuwepo zote, nilikuwa naziona, hata ya kwanza haikutoka. Hervé alitazama saa yake. Akasema tukae nje, amalizie mtoto mmoja, kisha anataka neno langu. Neno moja tu.

Basi tumekaa. Darlène yuko kushoto kwangu, bila korse, bega lake limeniegemea. Si kwamba ananiegemea. Mgongo ndio unaomleta.

Nimemwuliza kwa nini amefanya vile.

"Miye wamezoea kunicheka," akasema. "Weye hapana. Weye hautaweza."

Nikamnong'oneza kwamba bila kisu itazidi. Kwamba mbavu zitabana mapafu, kwamba kupanda ngazi tu atahema, kwamba Agosti nyingine haijulikani kama itakuja. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua. Akanisikiliza kama mwanafunzi wa mbele. Anajua. Alikuwa mle chumbani jana, alisikia kila neno, baada ya kofi.

"Useme tu ndiyo, Mama. Twende kwetu."

Mlango umefunguka. Hervé amevaa koti la pikipiki. "Mama Darlène?"

Nimesema nakuja.

Mwanamke aliye karibu amesogeza miguu anipishe. Mtoto wake namfundisha, anakaa safu ya pili. "Jambo, Madame," amesema, na ameinama kidogo. Nimemwitikia. Nimeuliza hali ya nyumbani, na ya mtoto, na ya mume.

Darlène ameshasimama. Amenishika kiwiko.

Hervé ameita tena. Nimemwambia nakuja, namalizia mstari. Kisha nimeanza mwingine.